Faida za Kitamaduni za Kuishi Jirani na Jiji

Kuishi jirani na jiji ni kukaa mahali ambapo mtu anaweza kufika mjini, akafanya lililompeleka na kurudi kulala kwake siku hiyohiyo. Kwa Dar es Salaam, eneo hilo linaanzia Mbezi, Pugu, Mbagala na Kigamboni, likapitiliza mpaka wa jiji hadi Kibaha, Mlandizi, Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo, katika Mkoa wa Pwani. Watu wanalijaza kwa kasi. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Pwani ukiwa na watu 1,098,668. Ile ya 2022 ikahesabu 2,024,947, karibu mara mbili ya idadi ya awali. Katika muda huohuo Dar es Salaam yenyewe ilitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, ongezeko lisilofika robo.

Uhamiaji huu huzungumzwa kwa lugha ya bei ya viwanja, maji, umeme na foleni ya Barabara ya Morogoro. Utamaduni hautajwi sana, ingawa ni moja ya mambo yanayotofautisha maisha ya Kibaha na ya wilaya iliyo umbali wa siku nzima kutoka jiji lolote. Anayeishi jirani na jiji ana vitu viwili kwa pamoja: hazina ya sanaa na elimu ambayo mji mdogo hauwezi kuibeba peke yake, na nafasi ya kuendeleza mambo yake bila kumezwa na mji. Faida hiyo ni kubwa, ila haigawiwi na ramani. Hupatikana pale tu mtu anapoweza kwenda na kurudi, na pale anapoishi pakiwa na utamaduni ulio hai.

Jiji hukusanya mambo haya kwa sababu ya hesabu rahisi. Chukua sanaa inayopendwa na mtu mmoja katika kila watu 1,000. Katika mji wa watu 100,000 wapenzi wake ni 100, na watakaopata nafasi ya kutoka jioni moja huenda wasifike 20. Hakuna ukumbi unaoweza kulipa taa na wapiga vyombo kwa watu 20. Katika jiji la watu milioni 5 wapenzi haohao ni 5,000, na hata wakitoka mia chache tu, shughuli inafanyika na wiki ijayo inarudiwa. Ndiyo maana taarab yenye fidla na kanuni, tamthilia jukwaani, maonyesho ya picha na maduka ya vitabu visivyo vya shule huota mijini. Wahenga walisema penye wengi pana mengi, na katika sanaa maana ya maneno hayo ni kwamba hata kitu kinachopendwa na wachache hupata wachache wa kutosha.

Dar es Salaam ina mifano ya kila aina. Makumbusho ya Taifa yalifunguliwa mwaka 1940 na leo yanaitwa Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni; humo limehifadhiwa fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Kando ya Barabara ya Bagamoyo kuna Kijiji cha Makumbusho, ambako nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwa miti, udongo na makuti, na ngoma huchezwa kwenye uwanja wake. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Desemba 1967. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sanaa za maonyesho katika miaka ya 1960, na katika mazingira hayo Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Mikocheni kuna Nafasi Art Space, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambako wachoraji na wachongaji hufanya kazi milango ikiwa wazi kwa wageni. Kwa wapenzi wa soka kuna Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 ukiwa na viti 60,000, na utani wa Yanga na Simba, klabu zilizoanza miaka ya 1935 na 1936, ambao sasa ni sehemu ya utamaduni wa nchi nzima.

Jiji hukusanya watu kabla ya kukusanya majengo. Wachongaji wa Kimakonde walihama kutoka nyanda za Mueda, Msumbiji, na kutoka Kusini mwa Tanzania, wakafika Dar es Salaam ambako palikuwa na wanunuzi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa alianzisha mtindo wa vinyago vya shetani, na mpingo ukaanza kuchongwa kwa maumbo ambayo hayakuwapo vijijini walikotoka. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo, aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestre Makassy, kisha akawa sauti ya Super Matimila na ya wanyonge wa jiji. Bendi nzima ya Maquis nayo ilitoka Kongo. Mtu wa Kisarawe aliyekuja kucheza dansi Jumamosi moja alikuwa anasikia magitaa ya nchi mbili bila kuvuka mpaka wowote.

Wanaoishi pembezoni hawapokei tu. Huja na yao, na mara nyingine hubadilisha mambo. Mfano mkubwa unatoka Pugu. Mwaka 1953 Julius Nyerere, aliyekuwa ametoka Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikuwa mwalimu katika Shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, umbali wa takriban kilomita 20 kutoka katikati ya mji. Kazi yake na makazi yake vilikuwa nje. Lakini mijadala, magazeti, makarani, wafanyakazi wa bandari na vyama vilikuwa mjini, na wenyeji kama Abdulwahid Sykes na Dossa Aziz walikuwa tayari ndani ya siasa za Chama cha Waafrika, TAA. Nyerere alikuwa akiteremka mjini kwa mikutano na kurudi kufundisha. Aprili 1953 alichaguliwa rais wa TAA. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka kuwa chama cha TANU. Machi 1955 akaacha ualimu. Kwa miaka hiyo miwili umbali ule ulimfaa kwa pande zote mbili: shule ilimpa mshahara na utulivu, mji ukampa watu. Mwalimu wa shule iliyo umbali wa siku mbili kwa lori asingeweza kuhudhuria mikutano ya kila mara na wakati huohuo kuwahi kipindi cha Jumatatu.

Mfano wa pili ni Msasani. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932 na kufika Dar es Salaam katika miaka ya 1950. Alifanya vibarua vya aina mbalimbali na kuishi Msasani, ambayo wakati huo ilikuwa na sura ya kijiji cha wavuvi kando ya nyumba kubwa za Oysterbay. Karibu mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, akitumia rangi ya mafuta ya kung'aa, ile inayopakwa baiskeli. Vifaa vyote vilipatikana dukani kwa bei ya mtu wa kipato cha chini. Picha ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, walikopita wageni wa Oysterbay wakienda kununua mahitaji. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na majirani aliowafundisha wakaendelea, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo wakaunda chama cha ushirika. Angebaki Tunduru angekuwa na kipaji kilekile. Asingekuwa na hadibodi, rangi wala mnunuzi. Na angekuwa na nyumba katikati ya mji, huenda asingepata uwanja wa kuwakalisha vijana chini ya mti na kuwaonyesha namna ya kupaka rangi ya chini kabla ya kuchora mnyama.

Hapo ndipo inapoonekana faida ambayo mji wa jirani unayo na jiji lenyewe halina: nafasi na utulivu. Sanaa zinazohitaji mazoezi marefu, kelele nyingi au uwanja mpana hustawi pale kodi ilipo nafuu. Bagamoyo, takriban kilomita 70 kaskazini mwa jiji, ni ushahidi wa hilo. Zamani mambo yalikuwa kinyume: Bagamoyo ndiyo iliyokuwa mji mkubwa, mwisho wa njia ya misafara na makao makuu ya Wajerumani, mpaka mwaka 1891 walipoyahamishia Dar es Salaam. Mji ukapooza kibiashara, ukabaki na majumba ya mawe, pwani na ardhi. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa mwaka 1981, baada ya kikundi cha taifa cha ngoma kuvunjwa, kilipelekwa huko, na leo kinaitwa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Wanafunzi hujifunza ngoma, muziki, uigizaji, sarakasi na sanaa za ufundi. Asubuhi ya siku za masomo ngoma husikika hadi ufukweni.

Bagamoyo ni karibu na jiji kiasi cha msanii kwenda kurekodi au kutumbuiza na kurudi, na ni mbali kiasi cha kuishi kwa gharama anazozimudu. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma na bingwa wa zeze na marimba, aliishi hapo, akafundisha, akalea familia ya wanamuziki na kutoka hapo akapiga katika majukwaa ya Ulaya na kwingineko hadi alipofariki mwaka 2003. Muziki wa katikati ya nchi ulipata makao pwani kwa sababu chuo kilikuwapo na uwanja wa ndege ulikuwa umbali wa safari moja ya gari. Kila mwaka tamasha la Bagamoyo huugeuza mkondo: wakazi wa jiji ndio wanaopanda basi kufuata sanaa.

Morogoro ni mfano wa mbali zaidi. Iko kiasi cha kilomita 190 kutoka Dar es Salaam, na katika miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa na bendi mbili zilizotikisa nchi: Morogoro Jazz, aliyoimbia Mbaraka Mwinshehe, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Ushindani wao ulikuwa wa nyumbani kabisa. Mashabiki wa mji uleule waligawanyika, na kila bendi ikalazimika kutunga upya ili isiachwe. Lakini sauti zao zilifika kila kona kwa sababu redio ilikuwa Dar es Salaam, na barabara na reli ziliwaruhusu kushuka, kurekodi na kurudi. Umbali ulizipa bendi hizo sauti yake yenyewe. Ukaribu ulizipa hadhira ya nchi nzima. Mji ulioshikamana na jiji ungeiga mitindo ya jiji, na ulioachwa mbali ungepiga kwa wenyeji wake tu.

Mkondo wa kutoka pembezoni kwenda katikati unaonekana pia katika muziki wa leo. Wazaramo, wenyeji wa Kisarawe na vitongoji vya jiji, wana ngoma ya mdundiko, inayotembea: wapigaji hutangulia, watu hufuata mtaa kwa mtaa, na anayeingia katikati ya msafara huokota hatua humohumo. Mapigo ya ngoma za namna hiyo yaliingia katika mchiriku, muziki wa uswahilini unaopigwa kwa kinanda kidogo cha Casio, ngoma na spika za honi zinazokwaruza. Baadaye vijana wa Manzese na Mbagala waliyaharakisha mapigo kwa kompyuta, zaidi ya 200 kwa dakika, wakapata singeli, ambayo sasa hupigwa kwenye matamasha ya Ulaya. Mbegu ilitoka kwenye shughuli za unyago na harusi za vijijini. Jiji liliipa umeme, studio na wasikilizaji.

Hoja inayotolewa mara kwa mara ni kwamba simu imefuta tofauti ya mjini na shamba. Anayeishi Nanyumbu ana wimbo mpya dakika ileile anapoupata wa Sinza. Kwa wimbo uliokamilika, hoja hiyo ni ya kweli. Lakini sehemu kubwa ya utamaduni ni kazi ambayo haijakamilika. Anayetaka kuchonga mpingo anahitaji kukaa kando ya fundi na kuona tezo linavyoshikwa, gogo linavyogeuzwa kufuata ufa, na msasa unavyomalizia. Mwigizaji anahitaji mtu wa kumwambia kwamba sauti yake haifiki safu ya nyuma. Mpiga gitaa hupata nafasi kwa kuwa alikuwapo siku mwenzake alipokosa kufika. Hata msomaji wa vitabu hukutana na kitabu asichokijua kwa kupekua meza ya vitabu vya mitumba, jambo ambalo kisanduku cha kutafutia cha intaneti hakilifanyi, kwa kuwa kinamtaka aandike kwanza anachokitafuta. Intaneti humpa mtu wa mbali matokeo ya kazi. Jirani wa jiji hupata kazi yenyewe na watu wake.

Faida hizi zina mipaka. Mpaka wa kwanza ni saa ya gari la mwisho. Bendi ya dansi hupanda jukwaani kama saa tatu usiku, ikaanza na nyimbo za kupasha ukumbi moto, na vibao vinavyosubiriwa huja baada ya saa tano. Anayekaa Mlandizi akingoja vibao hivyo, daladala zimeshapungua. Kinachobaki ni bodaboda au teksi, na nauli ya kurudi inaweza kupita kiingilio na soda pamoja. Kwa hiyo huondoka mapema, au haendi kabisa. Mzigo huu ni mzito zaidi kwa wanawake, ambao usalama wa kituo cha gari usiku ndio unaoamua kama watatoka, kwa wazee na kwa wanafunzi. Ukaribu wa kitamaduni, kwa hiyo, hupimwa kwa ratiba ya usafiri kabla ya kupimwa kwa kilomita.

Mabadiliko ya miaka ya karibuni yanaonyesha uzito wa jambo hilo. Mabasi ya mwendokasi yalianza kati ya Kimara na Kivukoni Mei 2016, na Daraja la Nyerere lilifunguliwa Aprili mwaka huohuo, likawaondolea wakazi wa Kigamboni ulazima wa kungoja pantoni. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, kwa safari isiyofika saa mbili, wakati basi huchukua saa nne au zaidi. Morogoro haijasogea hata hatua moja, lakini kwa maana inayotumika hapa imekuwa jirani ya jiji: mtu anaweza kutazama maonyesho ya mchana na kulala kwake.

Mpaka wa pili ni kumezwa. Jiji linapopanuka, huchukua kwanza viwanja vya ngoma, vilinge na misitu. Mashamba ya Wazaramo yaliyokuwa Mbagala na Tabata sasa ni mitaa. Wenye kujua nyimbo za unyago wa mkole wametawanyika, na mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mwali, hupatikana kwa urahisi zaidi katika makumbusho ya Ulaya kuliko katika nyumba za Kisarawe. Kijana anayepanda gari kila Jumamosi kufuata burudani za mjini na hajui ngoma ya bibi yake amepata kimoja na kupoteza kingine. Mji wa jirani usio na chake huishia kuwa bweni la jiji, mahali pa kulala tu.

Kibaha inaonyesha njia nyingine. Katika miaka ya 1960 serikali na nchi za Nordiki zilijenga hapo kituo cha elimu chenye shule, kituo cha afya, mafunzo ya wakulima na maktaba ya umma, kikakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Mwanafunzi wa hapo amekuwa na vitabu karibu naye kwa miongo kadhaa, na Maktaba Kuu ya jiji ni nyongeza anapohitaji zaidi. Huo ndio mpangilio unaofaa: kitu cha msingi kiwe pale watu wanapoishi, na kile ambacho ni jiji pekee linaloweza kukibeba kifuatwe mjini.

Kutokana na hayo, hatua za kuchukua ni za kawaida na zinajulikana. Waandaaji wa muziki, tamthilia na maonyesho wanaweza kuweka onyesho moja la mchana wa Jumamosi au Jumapili, likaisha kabla ya magharibi. Wakazi wa Kibaha, Mkuranga na Kisarawe ni wateja ambao hawajahesabiwa. Wapangaji wa usafiri wanaweza kuongeza magari ya usiku siku za wikiendi kwenye njia kuu tatu au nne zinazotoka jijini. Halmashauri za Mkoa wa Pwani, zinapopima viwanja, zinaweza kutenga uwanja wa ngoma na ukumbi kama zinavyotenga soko na zahanati, na shule zikawaita wazee wanaojua nyimbo na uchongaji wa mahali hapo wafundishe wakiwa bado wapo. Kwa mikoa mingine hesabu ni ileile kwa kipimo kidogo: Mwanza na vijiji vya Magu, Arusha na Meru, Mbeya na Rungwe. Kila jiji lina duara lake la majirani, na upana wa duara hilo huamuliwa na nauli, na saa, na kile ambacho majirani wenyewe wanacho cha kuupelekea mji.